Maksai na Wimbo: Burudani ya Tajiri na Maskini katika Turkana

Katika Uingereza ya wafalme wa ukoo wa Tudor (1485–1603), sheria yenyewe ilitenga burudani ya tajiri na ya maskini. Sheria ya mwaka 1541, katika enzi ya Henry VIII, iliwakataza mafundi, vibarua, watumishi na wanagenzi kucheza tenisi, karata na dadu isipokuwa wakati wa Krismasi, na hata hapo iliwapasa wacheze katika nyumba za mabwana zao. Lakini mwenye ardhi iliyomletea pauni 100 kwa mwaka aliweza kuwapa watumishi wake ruhusa ya kucheza ndani ya makao yake. Uwanja ulikuwa na mwenyewe.

Makala haya yanachunguza suala hilohilo miongoni mwa Waturkana wa sehemu za Lodwar na Kakuma, kaskazini-magharibi ya Kenya. Hoja yake ni kwamba katika jamii hii ya wafugaji mpaka baina ya tajiri na maskini haukuwekwa uwanjani, bali uliwekwa katika mnyama. Na kwamba aliyempoteza mnyama alipoteza pia sehemu ya sauti yake.

Mchezo mkuu wa Waturkana ni edonga. Kuuita ngoma ni kupotosha kidogo, kwa kuwa hauna ngoma inayopigwa: mapigo yake ni makofi, vishindo vya miguu na sauti za waimbaji, huku vijana wakiruka juu wima. Uwanja wake ni mchanga ulio wazi. Hakuna kiingilio, wala mtoto wa mwenye makundi makubwa hatengewi mahali pake. Kinachotenga ni majira. Wakati wa akiporo, yaani masika, maziwa huwa mengi, maboma hukaribiana, na watu hucheza usiku. Wakati wa akamu, yaani kiangazi, makundi hutawanyika kutafuta malisho, na michezo hupungua kwa wote.

Hata hivyo, usawa huo una kikomo. Kijana wa Kiturkana huwa na emong, maksai anayempenda kuliko wanyama wote. Humvisha kengele, huzipinda pembe zake zikue kwa umbo analolitaka, humtungia nyimbo, na hata hujipatia jina kutokana naye: Apaloreng, kwa mfano, ni baba wa maksai mwekundu. Anapoimba uwanjani, huinua mikono kuiga pembe za maksai huyo. Hivyo asiye na mnyama huweza kuruka na kuitikia nyimbo za wenzake, lakini wimbo wa maksai wake mwenyewe hana.

Tajiri naye hakujifungia na utajiri wake. Katika asapan, sherehe ya kumwingiza mwanamume utu uzima, mnyama huchomwa mkuki na nyama yake huliwa katika akiriket, baraza la wanaume chini ya mti, ambako kila mtu huketi kwa mujibu wa rika lake, si kwa idadi ya mifugo yake. Anayetoa maksai hupata heshima, na wasio nacho hupata nyama.

Ndiyo maana neno ngikebootok, linalowataja wasio na mifugo, halifasiriki kikamilifu kwa neno maskini. Katika Kiswahili, maskini huweza kuwa mtu asiye na fedha tu. Lakini ekebotonit amepungukiwa na sadaka, mahari na wimbo pia.

Mabadiliko makubwa yalikuja na ukame. Ule wa miaka ya 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huukumbuka kwa jina la Lopiar, uliandamana na maradhi ya mifugo na mashambulizi ya wezi wa ng'ombe, ukawasukuma watu wengi kwenye makambi ya chakula na pembezoni mwa miji. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilianzishwa Kakuma, na mji mdogo ukawa soko kubwa. Neno raia la Kiswahili limeingia katika Kiturkana kwa umbo la raiya, nalo huwataja wafugaji wa porini, tofauti na wakaaji wa mjini. Mjini pana vibanda vya filamu na mpira ambavyo mtu huingia kwa fedha. Katika tamasha la Tobong'u Lore huko Lodwar, edonga huchezwa mbele ya wageni walioketi kivulini. Kwa njia hiyo, mpaka ambao Waingereza waliuandika katika sheria umefika Turkana kwa njia ya kiingilio na kiti.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, jambo hili lina uzito. Wimbo unaorekodiwa leo Lodwar huenda ukawa na maneno yote ya maksai, ilhali mwimbaji hana maksai. Kuyaandika maneno bila kuuliza mnyama yuko wapi ni kuhifadhi nusu ya wimbo, na kuliacha nje tukio la historia lililompokonya mwimbaji nusu ya pili.