Siri ya Profesa Halsted

Mwaka 1884 habari zilienea kutoka Vienna kwamba daktari wa macho, Carl Koller, amegundua kuwa kokeni hutia ganzi. Kule New York, daktari wa upasuaji William Stewart Halsted hakungoja. Yeye na wenzake wakaanza kujidunga wenyewe, waone ganzi inashika wapi na kwa muda gani. Walifaulu. Hadi leo, daktari wa meno anapokuchoma sindano kabla ya kung'oa jino, anapita njia waliyoifungua wao. Lakini kokeni nayo ikamshika Halsted. Mwaka 1886 alilazwa Butler, hospitali ya magonjwa ya akili huko Providence, na akatoka na uraibu mwingine juu ya ule wa kwanza: mofini.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Wapi! Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, Halsted ndiye aliyeongoza upasuaji. Hapo akajenga utaratibu wa mafunzo ulioigwa karibu dunia nzima: daktari kijana anaishi hospitalini, anatumika usiku na mchana, na anaongezewa jukumu kidogo kidogo. Ulikuwa kama piramidi. Wengi waliingia chini, wachache wakafika juu, na hakuna aliyeambiwa miaka mingapi itatosha. Profesa ndiye aliyeamua. Waliofika kileleni wakati wake wote walikuwa 17 tu.

Wapo wanaosema ukali ule ni mtoto wa kokeni, kwamba mraibu asiyelala aliwataka na wengine wasilale. Ni simulizi tamu, ila mimi siikubali. Mfano wake aliuona Ujerumani na Austria, alikosoma kati ya 1878 na 1880. Tena yeye mwenyewe alijua kupumzika. Majira ya joto alikuwa akienda shambani kwake High Hampton, North Carolina, anakaa miezi, huku wodi zikibaki mikononi mwa vijana wake. Yaani aliyejenga nyumba isiyo na mapumziko alijiwekea mlango wa kutokea.

Kwa maoni yangu, kilichorithiwa ni siri. Rafiki yake William Osler aliijua ile mofini, akanyamaza, kisha akaiandika katika mswada uliofungiwa. Osler alifariki 1919, Halsted 1922, na mswada ukachapishwa 1969. Fikiria: mtu mgonjwa amezungukwa na baadhi ya madaktari bora wa zama zake, na waliojua wakaona heshima ni kutosema.

Saa za kazi, angalau, zimeguswa, japo kwa machozi. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa mikononi mwa madaktari waliokuwa bado mafunzoni, kwenye zamu ndefu. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali kunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na 2003 kikawa cha Marekani nzima. Saa 80, na hicho ndicho kikomo! Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo likaueleza uchovu huu kuwa matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa, si uvivu wala udhaifu wa mtu.

Lakini kunyamaza hakupimwi kwa saa. Wapasuaji niliowahi kuzungumza nao hapa Dar husimulia usiku wa operesheni mfululizo, asubuhi kliniki, jioni usingizi unagoma. Wakimaliza, ombi ni lile lile: andika, ila jina langu liache. Ninaliacha.

Mganga hajigangi, walisema wazee, na ni kweli. Ndiyo maana anahitaji mganga mwenzake. Ila ili amfikie, lazima kwanza aweze kusema "nimechoka" bila kuogopa kwamba kesho hatapangiwa tena kuingia chumba cha upasuaji.