Hati ya Ardhi na Mbeba Hasara

Mtu anunuaye ng'ombe humwona kwa macho, humshika pembe, humtazama meno, kisha humswaga mpaka nyumbani kwake. Anunuaye ardhi hufanya jambo lililo tofauti kabisa. Udongo huuona, miti huihesabu, na mipaka huizunguka kwa miguu. Lakini kitu chenyewe anachokilipia fedha hakionekani. Anachonunua ni haki, yaani uwezo wa kusema mbele ya watu wote, "Hapa ni pangu," na kukubaliwa. Haki hiyo yaweza kuwa na ufa usioonekana. Pengine muuzaji hakuwa mwenye mali. Pengine yuko mrithi aliyesahauliwa. Pengine shamba limewekwa rehani. Pengine sahihi iliyo katika hati imeghushiwa. Ufa huo ukigunduliwa baada ya fedha kulipwa, hapana budi mtu mmoja apate hasara. Ni nani huyo?

Historia ya hati za ardhi katika nchi nyingi ni historia ya majibu ya swali hilo moja. Jibu la kwanza lasema kwamba hasara ni ya mnunuzi mwenyewe. Jibu la pili, lililozaliwa Marekani, lasema kwamba hasara ibebwe na kampuni ya bima. Jibu la tatu, lililozaliwa Australia, lasema kwamba ibebwe na serikali. Tutayatazama yote matatu, kisha tuone sisi wa Kenya tumesimama wapi.

Hapo kale, mahali ambapo watu wote walijuana, swali hili halikuwa gumu. Katika nchi ya Wagikuyu mipaka ilipandwa maua ya itoka, na wazee walioshuhudia upandaji ndio waliokuwa daftari. Palipotokea ugomvi, wazee waliitwa wakasema waliyoyaona. Lakini ushahidi wa namna hiyo wafaa maadamu wanunuzi na wauzaji ni majirani. Ajapo mgeni kutoka mbali na fedha zake, hamjui mzee yeyote, wala hajui ni nani wa kumwuliza. Hapo ndipo ilipohitajika karatasi, na Waswahili walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo karatasi nayo ina udhaifu wake. Uingereza, na katika makoloni yake ya Amerika, haki ya ardhi ilithibitishwa kwa mfululizo wa hati: huyu alimwuzia yule, na yule akamwuzia mwingine, mpaka kumfikia muuzaji wa leo. Mfululizo huo ulikuwa kama mnyororo, na mnyororo haushindi kwa nguvu pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Hati moja ikiwa ya uongo, zote zilizoifuata ziliweza kuanguka. Kweli, katika Amerika zilifunguliwa ofisi za kuweka nakala za hati. Lakini karani wa ofisi alipokea nakala na kuitunza tu, wala hakuahidi kwamba yaliyoandikwa humo ni ya kweli. Kwa hiyo mnunuzi alimwajiri mtu mwenye ujuzi wa kuchunguza madaftari hayo na kumpa shauri.

Na je, mchunguzi huyo akikosea? Swali hili lilifika mahakamani katika jimbo la Pennsylvania, katika kesi ya Watson na Muirhead iliyoamuliwa mwaka 1868. Muirhead alikuwa mtengenezaji wa hati aliyechunguza ardhi kwa ajili ya Watson. Aliyaona madeni yaliyoandikwa juu ya ardhi hiyo, akataka shauri la mwanasheria, naye akaambiwa kwamba madeni yale hayakuishika ardhi. Watson akanunua. Baadaye ilionekana kwamba madeni yale yalikuwa na nguvu, na Watson akapata hasara. Alimshtaki Muirhead, lakini mahakama ikasema kwamba Muirhead hakuwa mzembe, kwa kuwa alifuata shauri la mwanasheria kwa nia njema. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki kwa Muirhead. Lakini tazama ilivyomwacha Watson. Alikuwa ametahadhari, ameajiri mjuzi, na mjuzi ametafuta shauri. Hapana aliyefanya uovu, na bado hasara yote ilimwangukia mnunuzi.

Watu wa Pennsylvania walitambua kwamba uangalifu peke yake hautoshi. Mwaka 1874 baraza la kutunga sheria la jimbo hilo lilitoa ruhusa ya kuanzishwa kwa makampuni ya kukatia bima hati za ardhi, na tarehe 28 Machi 1876 kampuni ya kwanza ya namna hiyo ikaundwa katika mji wa Philadelphia. Tangu hapo mnunuzi hakulazimika tena kuthibitisha uzembe wa mtu. Ilimtosha kuonyesha kwamba hati yake ilikuwa na kasoro iliyotajwa katika mkataba, na kwamba amepata hasara.

Yafaa tuelewe namna bima hii ifanyavyo kazi, kwa maana haifanani na bima nyingine. Akatiaye bima ya moto hujikinga na moto utakaowaka kesho, na kwa sababu hiyo hulipa kila mwaka. Bima ya hati hutazama nyuma. Humkinga mnunuzi na makosa yaliyokwisha kutendeka kabla ya siku ya kununua, ila hayajajulikana: sahihi ya kughushi, mrithi aliyefichwa, kosa la karani. Hivyo malipo yake hutolewa mara moja tu. Na kwa kuwa kampuni haipendi kulipa fidia, huyachunguza madaftari kwanza, na kasoro izionazo huzitaja katika mkataba na kukataa kuzikinga.

Thamani ya uchunguzi huo ilidhihirika katika mji wa Chicago. Mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliuteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Jengo la mahakama liliungua, na ndani yake yakaungua madaftari ya ardhi ya wilaya nzima. Hebu fikiri: maelfu ya watu walibaki na viwanja vyenye majivu, bila daftari la serikali la kuonyesha ni la nani hili na ni la nani lile. Kilichowaokoa ni kwamba makampuni ya watu binafsi, ambayo kazi yao ilikuwa kufanya muhtasari wa hati, yaliwahi kuokoa vitabu vyao. Mwaka 1872 sheria ilitungwa ili muhtasari huo upate kukubaliwa mahakamani. Baadaye bima ya hati ilienea katika Marekani yote, isipokuwa jimbo la Iowa, ambalo mwaka 1947 lilikataza makampuni kuiuza ndani ya mipaka yake. Mwaka 1985 jimbo hilo lilianzisha mpango wake lenyewe wa kudhamini hati.

Wakati Wamarekani bado wakitegemea mnyororo wa hati, mtu mmoja katika Australia alikuwa amekwisha kuuliza swali kwa namna nyingine: kwa nini mnyororo uwepo? Mtu huyo ni Robert Richard Torrens, aliyepata kuwa mkuu wa ushuru wa forodha katika mji wa Adelaide. Aliijua vema kazi ya kuandikisha merikebu. Mwenye merikebu hakulazimika kuonyesha hati za wote walioimiliki zamani. Daftari lilisema ni ya nani, basi yakaisha. Torrens aliona kwamba ardhi nayo yaweza kuandikwa vivyo hivyo. Sheria yake ilipitishwa katika Australia ya Kusini mwezi wa Januari 1858. Chini ya sheria hiyo daftari la serikali halikutunza habari za haki tu; daftari ndilo lililoitoa haki yenyewe. Aliyeandikwa humo ndiye mwenye mali. Na kwa sababu mfumo huo uliweza kumnyang'anya mtu asiye na kosa, palitengwa mfuko wa fidia, uliojazwa kwa malipo madogo ya wale walioandikisha ardhi zao. Basi hapa mbeba hasara ni serikali.

Fikira za Torrens zilifika Kenya pamoja na utawala wa Waingereza, lakini ziliingia katika nchi iliyokuwa na wenyewe. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi mbele ya msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Kikoloni. Wengi walioishi na kulima mahali pao kwa miaka mingi hawakupata hati, na watoto wao wakawa maskwota katika mashamba ya baba zao. Sheria ya mwaka 1919 ikaleta hati za namna ya Torrens, nazo zikawafaa hasa walowezi.

Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotaka vipande vya mashamba ya Waafrika viunganishwe na kuandikishwa. Lakini huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na katika nchi ya Wagikuyu wanaume wengi walikuwa kizuizini. Mipaka ilipimwa wao wakiwa hawapo, na baadhi yao waliporudi walikuta majina ya watu wengine katika daftari. Sheria ya ardhi ya mwaka 1963 ilikaza fundo hilo zaidi: uandikishaji wa kwanza haukuweza kusahihishwa na mahakama, hata kama ulipatikana kwa hila. Hapo twajifunza jambo zito. Uhakika wa hati ni kitu chema kwa aliyeandikwa. Kwa aliyeachwa nje, uhakika huo huo ni mlango uliofungwa.

Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ziliufungua mlango huo. Kwa sheria hii, cheti cha umiliki ni ushahidi wa kutosha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini chaweza kubatilishwa kikiwa kimepatikana kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu, au kwa njia ya ufisadi. Sheria hiyo pia yatoa haki ya fidia kwa mtu aliyepata hasara kwa kosa la daftari au kwa kusahihishwa kwake, maadamu yeye mwenyewe hakulisababisha kosa hilo kwa hila au uzembe.

Maana ya mabadiliko hayo ilionekana wazi mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua ardhi iliyo karibu na ufuko wa Nyali, nayo ilikuwa na hati. Mahakama ikasema kwamba haitoshi kuonyesha hati iliyo mkononi. Ni lazima kutazama mizizi yake. Ardhi ile ilikuwa ya umma, nayo ilitolewa hapo mwanzo bila kufuata taratibu za sheria. Kwa hiyo aliyenunua baadaye hakuweza kujikinga kwa kusema kwamba alinunua kwa nia njema. Umma ulirudishiwa kilicho chake. Lakini kwa upande wa mnunuzi, twaona kwamba ule mnyororo wa zamani, ambao Torrens alitaka kuukata, umerudi tena.

Basi, tuseme mtu ameuziwa shamba, na kampuni ya bima imemwambia kwamba iko tayari kumkatia bima ya hati. Je, akubali? Hapana jibu moja liwafaalo watu wote, lakini yako mambo ya kupima. La kwanza, ajiulize ni nani atakayebeba hasara asipokata bima, na ni kwa kesi ya miaka mingapi atakavyoipata fidia hiyo. La pili, ausome mkataba wote, hasa mambo ambayo kampuni imekataa kuyakinga; maana huenda ufa anaouogopa ndio ulioachwa nje. La tatu, ajue bima hiyo ni ya nani. Katika Marekani mkopeshaji hudai bima ya kulinda mkopo wake; nayo haimlindi mnunuzi, ambaye hana budi kukata bima yake mwenyewe akitaka kinga. La nne, akumbuke kwamba bima hulipa fedha. Fedha haziwezi kumrudishia kisima alichokichimba, wala kaburi la mama yake lililo chini ya mwembe.

Kwa sababu hiyo bima haichukui mahali pa uchunguzi. Kabla ya kutoa fedha yapasa kupekua daftari katika ofisi ya ardhi, kumleta mpima athibitishe mipaka, kuuliza hati ilianzaje na ilipitia mikononi mwa nani, na kwenda kwa majirani. Mara nyingi jirani mzee anajua kwamba uwanja ule ulikuwa wa shule, au kwamba ndugu mmoja hakutaka kuuza. Tahadhari kabla ya athari ni neno la zamani, na hapana sheria iliyolifuta.

Msomaji kijana, huenda leo huna shilingi ya kununulia hata kiwanja kidogo. Lakini siku moja hati itawekwa mezani mbele yako, nawe utaombwa utie sahihi. Usiitazame karatasi hiyo kana kwamba ndiyo ardhi. Uliza ilitoka wapi, uliza ni nani aliyeachwa nje ilipoandikwa, na uliza ni nani atakayelipa ikiwa ni ya uongo. Ukikosa jibu la swali hilo la mwisho, fahamu kwamba mbeba hasara ni wewe.