Uboreshaji wa mashine ya kurusha theluji

Mashine ya kurusha theluji ya nyumbani ni mtambo mdogo wa kuongozwa kwa mikono, wenye injini ya petroli au mota ya umeme, unaozoa theluji mbele ya nyumba na kuitupa pembeni kupitia bomba. Hutumika zaidi Kanada, kaskazini mwa Marekani, Japani na nchi za Skandinavia. Uboreshaji wake ni zile kazi anazofanya mwenye mashine ili izoe theluji nyingi zaidi, iirushe mbali zaidi na isizibe, hasa theluji inapokuwa nzito yenye maji. Wengi hukimbilia kufunga injini kubwa. Hata hivyo, faida kubwa kuliko zote hupatikana kwenye pangaboi, sehemu inayorusha theluji bombani, tena kwa gharama ndogo sana.

Asili

Mashine za kwanza za kurusha theluji zilikuwa za reli. Daktari wa meno wa Toronto, J. W. Elliott, alipata hataza ya mtambo wa aina hiyo mwaka 1869, na Orange Jull wa Ontario akauendeleza miaka ya 1880. Kwa upande wa barabara, sifa humwendea Arthur Sicard wa Quebec, aliyeona mashine ya kupura nafaka ikifanya kazi na kuchukua wazo lake humo. Alikamilisha mtambo wake mwaka 1925 na kuuza wa kwanza kwa mji wa Outremont mwaka 1927. Mashine za kusukumwa na mtu mmoja zilifuata baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1960 kampuni ya Ariens ya Wisconsin ilianza kuuza mashine yake ya hatua mbili, ambayo umbo lake halijabadilika sana hadi leo.

Muundo

Mashine ya hatua moja ina bapa za raba zinazogusa ardhi, zikizoa na kurusha kwa pigo moja. Ni nyepesi na hufagia safi, lakini hushindwa na theluji ya kina. Ya hatua mbili ina parafujo ya chuma inayozunguka polepole na kuvuta theluji katikati, kisha pangaboi lililo nyuma yake huipokea na kuirusha juu kupitia bomba. Ya hatua tatu huongeza parafujo ndogo ya kuharakisha theluji kabla haijafika kwenye pangaboi.

Mzigo wenyewe si mdogo. Uwanja wa mita 6 kwa 15 wenye theluji laini ya sentimita 20 hubeba meta za ujazo 18. Kwa uzito wa kilo 100 kwa kila meta ya ujazo, hizo ni kilo 1,800. Theluji hiyohiyo ikilowa maji huweza kuwa nzito mara tatu, na tuta ambalo greda la manispaa huliacha mdomoni mwa njia ya gari huwa gumu kuliko yote. Hapo ndipo mashine dhaifu hujulikana.

Uwazi wa pangaboi

Pangaboi la mashine ya hatua mbili huzunguka ndani ya ngoma ya bati bila kuigusa. Kiwandani huachwa uwazi kati ya ncha ya bapa na ukuta wa ngoma, mara nyingi milimita 5 hadi 12, kwa sababu bati lililokunjwa na kuchomelewa haliwi duara kamili, na changarawe ikiingia lazima ipate pa kupita. Theluji kavu haidhuriki sana na uwazi huo. Theluji yenye maji huponyokea humo: badala ya kusukumwa yote, sehemu yake hubaki nyuma ya bapa, hupoteza mwendo, hurudi chini na kuganda kwenye shingo la bomba. Bomba likishaziba, nguvu yoyote ya injini haisaidii kitu.

Dawa yake ni kufunga vipande vya raba kwenye ncha za bapa ili viguse ukuta wa ngoma. Raba inayofaa ni ngumu, yenye nyuzi ndani, unene wa karibu milimita 10, kama ile ya mikanda ya kubebea mizigo viwandani. Raba laini hujikunja mbele ya mzigo na kuacha uwazi uleule. Kila kipande hukandamizwa kwenye bapa kwa ubapa wa chuma na bolti mbili zenye nati za kujifunga, na matundu ya raba hutobolewa marefu ili kipande kiweze kusogezwa kabla ya kukazwa.

Kazi huanza kwa kuchomoa waya wa plagi. Kisha pangaboi huzungushwa kwa mkono polepole mzunguko mzima, na fundi hutafuta mahali uwazi ulipo mwembamba kuliko pengine, mara nyingi karibu na mshono wa kuchomelea. Raba hupimwa hapo, iguse kidogo tu. Ikikazwa sana, mkanda unaozungusha pangaboi huteleza wakati wa kuwasha. Ikigusa kidogo, dakika chache za kwanza huisugua yenyewe hadi ikakaa sawa. Pangaboi la bapa nne laweza kufungwa raba kwenye bapa mbili zinazotazamana, lakini la bapa tatu lazima lifungwe zote, la sivyo litayumba na kuua beringi. Mashine iliyofanyiwa kazi hii vizuri hurusha hata tope la theluji lililojaa maji, jambo ambalo awali halikuwezekana kabisa.

Mwendo wa pangaboi

Pangaboi lenye kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 1,100 kwa dakika, ncha zake huenda mita 17 kwa sekunde. Pasingekuwa na hewa, theluji ingefika mita 30. Kwa kweli mashine za nyumbani hurusha mita 10 hadi 15. Kuongeza mwendo kwa asilimia 10 huongeza nishati ya kila kilo inayorushwa kwa asilimia 21, na nishati hiyo yote lazima itoke kwenye injini. Njia ya kawaida ni kubadilisha puli ya injini kwa iliyo kubwa kidogo. Urefu wa mkanda nao hubadilika, na breki ya pangaboi lazima ikaguliwe upya.

Kabla ya hayo, mkanda wenyewe huangaliwa. Mkanda uliochakaa au kebo iliyolegea hula nguvu kimyakimya, na mashine nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu zina tatizo hilo tu. Harufu ya raba inayoungua ndiyo ishara yake.

Injini na kabureta

Injini nyingi za mashine hizi zimepangiwa kikomo cha mizunguko 3,600 kwa dakika, na baadhi hutoka kiwandani zikiwa chini ya hapo. Kuirekebisha springi ya kidhibiti mwendo huku takometa ikisomwa ni halali. Kupita kikomo huvunja konrodi na kutoboa injini.

Kabureta za miaka ya karibuni hupimiwa mafuta kidogo ili kupunguza moshi, hivyo injini hupanda na kushuka ovyo. Mara nyingi chanzo ni jeti iliyoziba kwa petroli iliyokaa kiangazi kizima. Kumwaga petroli mwisho wa msimu huepusha sehemu kubwa ya matatizo haya. Oili ya 5W-30 ndiyo ya kawaida kwenye baridi. Injini nyingi za theluji hazina kisafisha hewa, kwa kuwa kingeganda, na ni kosa kuziongezea.

Kampuni ya Tecumseh, ambayo injini zake zilitawala soko kwa miongo kadhaa, iliacha kuzitengeneza mwaka 2008. Wenye mashine za zamani hufunga injini za Kichina za sentimita za ujazo 212. Tahadhari moja yahitajika: baadhi ya Tecumseh zilikuwa na mihimili miwili, na wa pili, unaoendesha magurudumu, ulizunguka kinyume. Asiyelijua hili hujikuta gia za mbele zikimrudisha nyuma.

Parafujo na viatu

Parafujo hushikwa kwenye mhimili wake kwa pini laini ambazo kazi yake ni kukatika mashine ikikumba jiwe. Kuweka bolti ngumu mahali pake ni kuhatarisha giaboksi nzima. Grisi hupigwa kati ya parafujo na mhimili kila mwaka, kwani kutu ikizigandisha pamoja, pini huacha kulinda chochote. Viatu vya pembeni huteremshwa kwenye changarawe ili kuinua mdomo wa mashine, na hupandishwa kwenye lami.

Bomba

Bomba hupakwa nta au silikoni ili theluji isigande humo.

Usalama

Ajali mbaya zaidi ni za kukatwa vidole mtu akizibua bomba kwa mkono. Hata injini ikiwa imezimwa, mkanda huweza kuwa umevutwa, na pangaboi huruka ghafla kizuizi kinapotoka. Kijiti cha kuzibulia hufungwa kwenye mashine na ndicho cha kutumia, siku zote. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu ya monoksidi ya kaboni.

Hali ya sasa

Mashine za betri zimeingia sokoni, na jimbo la California limeweka masharti ya kuondoa injini ndogo za petroli kwenye mashine mpya za bustani na nyumbani kuanzia za mwaka 2024. Raba za pangaboi huuzwa sasa kama seti zilizokatwa tayari, zikiwa na bolti zake.