Kasula ya Zanzibar na Askofu Aliyetoka Sydney

Mwaka 1927, padri wa Zanzibar ambaye angevaa kasula, vazi la juu la padri kwenye Ushirika Mtakatifu, na kusimama mbele ya meza ya Bwana popote katika Dayosisi ya Anglikana ya Sydney, angekuwa amevunja utaratibu. Vazi hilo lilikwisha kupigwa marufuku na Askofu Mkuu John Charles Wright, kwa hoja kwamba linarudisha mafundisho ambayo Matengenezo ya Kanisa yaliyakataa. Unguja, katika Kanisa Kuu la Mkunazini, kasula na ubani vilikuwa mambo ya kawaida. Lakini ni mwaka huohuo ambapo George Alexander Chambers, mchungaji wa Dulwich Hill mjini Sydney, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Central Tanganyika. Leo dayosisi yake ya Dodoma na ile ya Zanzibar zimo katika kanisa moja. Hazikufika hapo kwa kumaliza ugomvi kwanza. Zilifika kwa kukubali kazi za pamoja na baraza la pamoja wakati ugomvi ungali hai.

Njia ya kinyume ilikwisha kujaribiwa. Mwezi Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti, kupanga shirikisho la makanisa. Walikuwamo Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society), Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Siku ya kufunga, Askofu William George Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, Mskoti Norman Maclean akahubiri, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki mkate na divai. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwaka. Alimwandikia Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi na mafarakano. Davidson hakufungua kesi; alilipeleka shauri kwenye baraza la ushauri, na jibu lilipotoka mwaka 1915 lilikuwa la kupapasapapasa. Wenye utani Uingereza wakasema kwamba ibada ile ilimpendeza Mungu sana, ila isirudiwe tena.

Ni rahisi kumfanya Weston mkorofi wa kisa hiki. Mimi naona aliuliza swali la haki: kama uaskofu ni wa lazima kwa kanisa, vipi uwekwe kando kwa siku moja kwa ajili ya adabu? Kosa la Kikuyu lilikuwa kuianza safari mahali penye mwiba mkubwa kuliko yote. La kuzingatia zaidi ni kwamba mwaka 1918, mkutano wa pili ulipoitishwa palepale Kikuyu, Weston alikwenda. Alipeleka mapendekezo yake ya umoja, nayo yakakataliwa kwa kuwa yaliwataka wote wapokee uaskofu. Shirikisho kamili halikupatikana. Kilichopatikana ni muungano mdogo wa misheni, na tunda lake linaonekana: Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Maandiko nayo yalikwenda njia hiyo. Unguja ilikuwa na Biblia yake na Mombasa yake, hadi Biblia ya Muungano ilipotoka mwaka 1952, nayo ndiyo ambayo Waprotestanti wengi wa Kiswahili wamelelewa nayo.

Atatokea wa kusema kuwa amani ya Waanglikana wa Tanganyika ilikuwa amani ya umbali. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Watu wa Chambers walikuwa Ugogo na Ukaguru. Wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya upande wa Weston, walikuwa Unguja, Magila na Masasi, na muumini angeweza kuzeeka bila kuiona ibada ya upande wa pili. Lakini umbali huo ulikwisha. Jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960, maaskofu wa pande zote mbili waliketi meza moja. Mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo la peke yake chini ya Askofu Mkuu John Sepeku, mtu wa upande wa UMCA. Wakati huohuo watu wa Dodoma na wa Masasi walikuwa wakihamia Dar es Salaam na kukutana kanisani. Kama umbali ndio uliowashikilia, huo ndio wakati ambao wangepasuka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba umoja wa namna hii hununua utulivu kwa kuuficha ukweli. Ningekubali kama kila upande ungelazimishwa kunyamaza. Haikuwa hivyo: Dodoma haikulazimishwa kuvaa kasula, wala Zanzibar kuivua. Zamu hii suala ni wanawake kupewa upadri. Central Tanganyika inawapa, dayosisi nyingine zinakataa, na kila moja inatoa sababu zake waziwazi. Makao makuu ya kanisa lao la pamoja yako Dodoma, mji wa dayosisi aliyoianzisha Chambers, na Askofu wa Zanzibar ana kiti katika nyumba ya maaskofu wake.