Muhammad Said Abdulla, Mtungaji wa Hadithi za Hofu na Upelelezi

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Unguja, Bwana Muhammad Said Abdulla, mtungaji wa hadithi. Huenda mtu akauliza: mwalimu wa Kilosa ana haja gani na mtungaji wa Unguja? Jawabu litaonekana mbele. Kwanza na tumjue mtu mwenyewe.

Bwana Muhammad alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Alipomaliza masomo yake mwaka 1938 aliingia Idara ya Afya, akafanya kazi ya ukaguzi kwa muda wa miaka kumi. Wengi huidharau kazi hiyo, nayo haina sifa kubwa. Lakini fikirini: mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, huchungulia mapipa ya maji na mashimo ya taka, hutafuta maradhi yametoka wapi. Mwenye nyumba asema homa imeletwa na jini. Mkaguzi huinama, akaona viluwiluwi vya mbu katika kopo lililosahauliwa uani. Kazi ya namna hiyo humzoesha mtu kutazama kabla ya kusadiki.

Mwaka 1948 aliingia katika kazi ya magazeti, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Tena alikuwa msaidizi wa mhariri katika Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akadumu hapo hata alipostaafu mwaka 1968. Basi mtu huyu aliyetia watu hofu kwa kalamu yake, mchana alikuwa akiwaandikia wakulima.

Sifa yake ilianza kwa mashindano. Shirika lililoitwa East African Literature Bureau lilifanya mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, naye akapata zawadi ya kwanza. Hadithi ile, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipigwa chapa mwaka 1960. Kabla yake watu walikuwa na hadithi za majini na mazimwi zilizosimuliwa penye moto, na vitabu vilivyofasiriwa kutoka lugha za Ulaya, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani cha mwaka 1929. Lakini hadithi ndefu ya upelelezi, iliyotungwa kwa Kiswahili na Mswahili juu ya watu wake mwenyewe, ilikuwa jambo geni.

Katika kitabu hicho mtu ameuawa, na maiti yake yaonekana mahali pa mzimu, pahali ambapo watu huogopa hata kupita. Wengi wangetosheka kusema kwamba wazee wa kale wamekasirika. Hapo ndipo aingiapo Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hawadhihaki wenye kuamini, wala hashindani nao kwa maneno mengi. Yeye huuliza, hutazama, huunga jambo hili na lile, hata mwisho huonyesha kwamba mkono uliotenda ulikuwa mkono wa mwanadamu.

Walio na elimu ya vitabu vya Kiingereza walimfananisha upesi na Sherlock Holmes, yule mpelelezi aliyetungwa na Arthur Conan Doyle, aliyetokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1887. Mfano si mbaya, maana Doyle naye alikuwa daktari kabla ya kuwa mtungaji. Walakini Bwana Msa ni mtu wa Unguja: hekima yake ni ya barazani, na lugha yake ni Kiunguja safi.

Vitabu vingine vikafuata: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Havikosi ila, mara nyingi hutegemea mno bahati na siri za nasaba, na msomaji huchoka kuhesabu nani ni mtoto wa nani. Bwana Muhammad alifariki mwaka 1991. Bara nako walitokea wengine wa kazi hii: Faraji Katalambulla aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba aliyetoa Kufa na Kupona mwaka 1974.

Sasa nirudi Kilosa, kama nilivyoahidi. Mwaka mmoja nalikwenda na wanafunzi wa ualimu kuwatazama wakifundisha katika kijiji kimoja upande wa Mikumi, karibu na mbuga ya wanyama. Tulikuta kijiji kimeingiwa na hofu. Mbuzi walikuwa wakipotea usiku, na watu walikwisha kumtaja bibi mmoja mjane kuwa mchawi. Hapana aliyechota maji pamoja naye. Ninyi mwajua, wasikilizaji, maneno ya namna hiyo huishia wapi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiwasomea watoto Mzimu wa Watu wa Kale. Asubuhi moja, baada ya mbuzi mwingine kupotea, mtoto mmoja wa darasa lile alisimama akasema, "Mwalimu, Bwana Msa angalikwenda kwanza kutazama chini." Tukaenda pamoja na wazee wawili. Penye zizi, ardhi ilikuwa laini kwa mvua, na nyayo za chui zilionekana wazi, na manyoya ya mbuzi njiani mpaka kichakani. Wazee wakatazama, wakanyamaza. Zizi likazungushiwa miiba. Yule bibi hakuombwa radhi na mtu mzima hata mmoja. Ila mtoto yule alimchukulia ndoo yake ya maji.

Wako walimu wanaosema kwamba hadithi za kutisha huwaharibu vijana. Mimi nalikuwa mmoja wao. Lakini hofu imo vijijini mwetu tangu zamani. Haikuletwa na vitabu. Bwana Muhammad aliichukua hofu hiyo hiyo, akamshika msomaji mkono, akampeleka mpaka penye mzimu, akamwonyesha nyayo. Kama kitabu kimoja chaweza kumfanya mtoto atazame ardhi kabla ya kumtaja jirani yake, basi na kiwekwe katika kabati ya kila shule.