Sarafu Mkononi Mwako

Mwanafunzi mpenzi, ununuapo maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, ukatoa noti ya shilingi 200 na kurudishiwa chenji, je, huzitazama sarafu ulizopewa? Yamkini huzihesabu tu, kisha ukazitia mfukoni. Nami nilikuwa na desturi hiyo hiyo miaka mingi, mpaka siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kijana wa hapa Wabera, aliponijia baada ya vipindi, ameinamisha kichwa, na katika kiganja chake ana sarafu moja kuukuu yenye tundu katikati.

Ilikuwa sarafu ya senti 10 ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1936. Nyanya yake aliihifadhi kwa kuitunga katika uzi. Kijana alikuwa amepigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa ya kuwa sarafu ile ina jina la mfalme aliyetawala kwa muda usiotimia mwaka mmoja, na kwa hiyo thamani yake ni zaidi ya shilingi milioni moja. Lililotakiwa kwanza ni kutuma shilingi 3,000 za kuandikisha sarafu. Kijana alituma fedha alizopewa na mama yake za kumalizia karo. Tangu saa ile simu ya mtu yule haikupatikana tena.

“Mwalimu,” akaniuliza, “je, hata habari ya mfalme ilikuwa uongo?”

Swali hilo lilinichoma moyo. Nikamjibu, “La, mwanangu. Habari ya mfalme ni kweli. Uongo ulikuwa katika bei.”

Sikiliza basi kisa chenyewe. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alirithi kiti mwezi wa Januari 1936, akakiacha mwezi wa Desemba mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Kwao Uingereza haikutolewa kwa watu sarafu ya matumizi yenye sura yake. Lakini sarafu za senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hata hapakuwa na nafasi ya sura ya mtu. Liliandikwa jina tu. Kazi ya kuandika jina ni nyepesi kuliko ya kuchora uso, na kwa sababu hiyo jina la mfalme yule likapita katika masoko yetu, ilhali uso wake haukupita katika masoko ya kwao.

Hapo ndipo mjanja alipomkamata kijana. Ni kweli kwamba kisa ni cha ajabu, lakini si kweli kwamba kila kitu chenye kisa cha ajabu ni adimu. Sarafu zile zilipigwa kwa mamilioni, na nyingi zingali zimo katika makopo na masanduku ya wazee. Mfalme alikuwa wa muda mfupi. Sarafu zake zilikuwa nyingi.

Je, sarafu huadimika kwa nini? Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza, huenda zilipigwa chache tangu mwanzo. Ya pili, huenda zilikusanywa na serikali zikayeyushwa. Ya tatu, huenda watu walizificha wenyewe, zisirudi sokoni. Mfano wa sababu ya pili ni florini. Zamani nchi hizi zilitumia rupia ya Kihindi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda, na thamani ya rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka uliotangulia, ikatoa florini mahali pa rupia. Haukupita muda mrefu, mwaka 1921 shilingi ikaanza kuchukua mahali pa florini, nazo florini zikaondolewa mikononi mwa watu. Ukiona florini ya mwaka 1920, umeona kitu kilicho adimu kwa haki.

Sasa tuitazame sarafu nyingine ambayo mjanja asingeisifu, lakini mimi naiheshimu zaidi. Ni ile ya senti 5 au senti 10 ya mwaka 1964. Ina tundu kama zilizotangulia, lakini haina jina la mfalme wala malkia, na haina jina la Kenya pia. Imeandikwa Afrika Mashariki tu, kwa Kiingereza. Utawala wa kale ulikuwa umekwisha, na fedha ya taifa jipya ilikuwa bado haijazaliwa.

Wewe uishiye Wabera unakijua kipindi hicho hata kama hukukiona. Kata yako ina jina la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliyeuawa mwezi wa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, katika siku za mgogoro wa Mpaka wa Kaskazini. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huo, nao hawakuuona. Shilingi zilizopita mikononi mwao zilikuwa na majina na sura za wafalme na malkia wa ng’ambo. Sarafu ya mwaka 1964, isiyo na mtawala, ni shahidi wa mwaka uliofuata.

Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, na sarafu zetu za kwanza zina mwaka huo, pamoja na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Zile za mwanzo hazina jina lake. Zile za tangu mwaka 1969 zina maneno yaizungukayo picha. Palikuwa na senti 25 na shilingi 2 pia, lakini hizo hazikuonekana tena zilipotoka sarafu za Rais Moi zenye mwaka 1980. Mwaka 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ikatoka sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Kibaki. Lakini sarafu za kawaida zilizofuata, za mwaka 2005, zilirudia sura ya Mzee Kenyatta. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote katika fedha zetu. Ndiyo maana sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga katika shilingi 1, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10, na ndovu katika shilingi 20. Za kale hazikufutwa. Kwa hiyo chenji ya siku moja yaweza kukukutanisha na Kenyatta, Moi na ndovu mahali pamoja.

Jioni ya leo, basi, zimwage sarafu zako mezani. Zipange kwa miaka. Ukipata shilingi 40, au ya Moi ambayo maandishi yake hayajafutika, iweke kando. Usiisugue kwa mchanga wala kwa majivu ili ing’ae, kwani kusugua huiharibu. Wala usiuamini mwaka peke yake: riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Uhabeshi na pwani yetu, huandikwa 1780 hata ile iliyopigwa katika karne ya ishirini. Na mtu akikuambia utume fedha kwanza ili upewe fedha, mwache na fedha zake.

Kijana wangu hakurudishiwa shilingi zile 3,000. Nilimshauri akamweleze mama yake ukweli usiku ule ule, naye akaenda kwa hofu. Mama alikasirika, kama ilivyostahili. Lakini nyanya, aliyekuwa akisikiliza kando ya moto, aliichukua sarafu akaanza kueleza ni nani aliyempa, alikuwa na umri gani, na senti 10 ilinunua nini sokoni katika siku zile. Aliendelea hata usiku ukawa mwingi. Kijana aliniambia ya kuwa sarafu ilikuwa nyumbani mwao tangu hajazaliwa, wala hajapata kuuliza.

Asubuhi yake ilirudishwa katika uzi wake. Nawe waulize wa kwenu, kabla hawajanyamaza.