Kifua kikuu sugu: Ugumu wa kuwasaka waliovuta hewa moja na mgonjwa

KATI ya Januari 2005 na Machi 2006, madaktari wa hospitali ya Church of Scotland iliyopo Tugela Ferry, mji mdogo wa jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, waliwabaini wagonjwa 53 wa kifua kikuu ambao vimelea vyao vilishinda karibu kila dawa iliyokuwapo wakati huo. Wagonjwa 52 walifariki dunia. Miongoni mwa wale ambao tarehe zao zilijulikana, nusu walifariki ndani ya siku 16 tangu makohozi yao yachukuliwe kwa ajili ya vipimo. Wote waliopimwa virusi vya UKIMWI (VVU) walikutwa navyo.

Pamoja na wingi wa vifo hivyo, takwimu yenye uzito zaidi ni nyingine: zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu kabla. Kwa miaka mingi ilielezwa kuwa usugu huzaliwa pale mgonjwa anapoacha dozi njiani. Lakini mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hawezi kulaumiwa kwa kukiacha. Huyo ameambukizwa vimelea vilivyokwisha kuwa sugu. Takriban theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda mfupi kabla, jambo lililoelekeza shaka wodini.

Kifua kikuu huitwa sugu kwa dawa nyingi pale vimelea vinaposhinda isoniazidi na rifampisini, dawa mbili zilizo uti wa mgongo wa tiba ya kawaida. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 400,000 waliugua aina hiyo, au ile inayoshinda rifampisini pekee, mwaka 2023. Walioanzishiwa tiba hawakufika nusu.

Majina yasiyotajwa

Mgonjwa akithibitika, mhudumu wa afya humhoji: analala chumba kimoja na nani, anafanya kazi wapi, anasali wapi, alilazwa lini. Waliotajwa hutembelewa na kuulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kisha wenye dalili hupimwa makohozi au kupigwa eksirei ya kifua. Watoto walio chini ya miaka mitano na watu wenye VVU hutangulizwa, kwani kwao ugonjwa hulipuka upesi. Kwa kuwa vimelea huweza kulala mwilini muda mrefu, ufuatiliaji huendelea hata miaka miwili. Kipimo cha GeneXpert, ambacho WHO ilikiidhinisha mwaka 2010, hubaini usugu wa rifampisini kwa takriban saa mbili, ilhali kuotesha vimelea maabara huchukua wiki kadhaa.

Tatizo ni kwamba mgonjwa humtaja anayemfahamu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwachunguza wagonjwa 404 wa KwaZulu-Natal wenye usugu wa kiwango cha juu kabisa, waliogunduliwa kati ya 2011 na 2014. Takriban saba kati ya kila 10 waliupata kwa kuambukizwa, si kwa tiba iliyovurugika. Hata hivyo, ni watatu tu kati ya kila 10 walioweza kuunganishwa na mgonjwa mwingine, ama kwa kujuana ama kwa hospitali waliyopitia. Vinasaba vya vimelea vilionyesha uhusiano mpana zaidi ya huo.

Katika ndege kazi ni nyepesi kidogo. Kwa safari ya saa nane au zaidi, mwongozo wa WHO huelekeza kuwatafuta waliokaa safu moja na mgonjwa, pamoja na safu mbili za mbele na mbili za nyuma. Namba ya kiti ipo, na jina lipo. Daladala au matatu haina orodha ya abiria, wala benchi la kusubiria daktari halina. Madirisha yaliyo wazi, basi, yana sehemu yake katika kazi hii kama ilivyo daftari la majina.

Kwa waliopatikana, lipo jambo jipya la kuwapa. Isoniazidi, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyotumika kama kinga, haitegemewi mbele ya vimelea vinavyoishinda. Baada ya majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Vietnam, WHO ilipendekeza mwaka 2024 kuwa waliokaa karibu na mgonjwa wa aina hiyo wapewe levofloksasini kila siku kwa miezi sita.